Ngoma ya Mapacha Haikuwa ya Kila Mkono

Sisi tuliokulia Hasamba wakati mwenye redio ya betri alikuwa akitembelewa na kijiji kizima saa ya taarifa ya habari, tunajua jambo ambalo watoto wetu hawalijui: muziki ulikuwa na siku yake. Hukuweza kuukuta tu, ukaanza kutikisa kichwa. Wimbo wa kulima ulikuwa shambani. Wimbo wa kuchuma kahawa ulikuwa chini ya mibuni, vidole vikinata utamu wa kahawa mbivu tulizokuwa tukizinyonya kwa siri na kutema mbegu. Ukithubutu kuimba wimbo wa msiba wakati unaosha vyombo, mama alikuwa akisimama mlangoni, mkono kiunoni, na kuuliza, "Nani kafa?" Ukinyamaza anauliza tena, "Nimekuuliza, Skola, nani kafa?" Basi unahamia wimbo wa shule, hata kama huupendi.

Nawakumbuka wenzangu wa umri ule, miguu yetu ikiwa myekundu kwa udongo wa Mbozi hadi magotini, tukipiga mchakamchaka asubuhi kwenye ukungu mzito kiasi kwamba aliyetangulia alikuwa ni sauti tu. Kila mmoja na kuni yake, kila mmoja na ufagio wake. Jioni tulicheza rede hadi mpira wa matambara ukafunguka wenyewe. Tulikula ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali, na Jumapili ikiwa njema, kuku mmoja aligawanywa kwa hesabu ambayo mama peke yake aliielewa. Wazee walikaa na chungu cha pombe ya kimpumu katikati, wakinyonya kwa mirija, wakisema vijana wa siku hizi wameharibika. Vijana wenyewe tulikuwa sisi, na kosa letu kubwa lilikuwa kupiga mluzi.

Lakini juu ya yote hayo kulikuwa na ngoma ya mapacha.

Mwanamke akijifungua mapacha, hakutoka nje ovyo. Alikaa ndani na wanawe hadi wanawake waliowahi kuzaa mapacha wafike kumtoa. Walikuja asubuhi, jua likiwa bado halijakausha umande, wamejipaka unga mweupe usoni, na walikuja na ngoma mbili na jembe kuukuu lisilo na mpini. Jembe lilipigwa kwa jiwe. Ngoma ndogo ilikimbia mbele. Ngoma kubwa ilikuja nyuma yake ikiwa imechelewa kidogo, kama mtoto wa pili anayesita kutoka, na pale ulipodhani sasa zitakutana, ndogo iliponyoka tena. Mimi nilikuwa nikisikia mapigo yale tumboni kabla sijayasikia masikioni. Na nyimbo zake! Matusi matupu, tena ya kumwimbia baba wa watoto mbele ya mama mkwe wake. Baba anasimama pale anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Siku ile matusi yaliruhusiwa, kesho yake ungechapwa kwa neno lile lile.

Aliyeongoza alikuwa Bi Namonje. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyokwaruza, na alikuwa amezaa mapacha mara mbili, kwa hiyo katika mambo hayo hakuna aliyemzidi cheo, hata mwenyekiti wa kijiji. Yeye ndiye aliyepiga ngoma ndogo. Nilikuwa na umri wa kuanza darasa la pili au la tatu niliposogea hadi karibu yake nikanyoosha mkono kugusa ile ngozi. Alinipiga kofi la kiganja, si la kuumiza.

"Hii haiguswi na kila mkono," alisema. "Zaa kwanza. Zaa wawili kwa mkupuo, kisha njoo."

"Na nikizaa mmoja mmoja?"

"Utacheza. Wachezaji nao wanahitajika."

Wanawake walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikachukua debe na sufuria lililotoboka nikaanza kutafuta. Nilipiga debe hadi mama akasema, "Acha hiyo ngoma, utatuletea mapacha humu ndani, na mimi maziwa sina." Nilipiga ndoo kisimani. Nilipiga dawati shuleni, mkono wa kulia ukikimbia na wa kushoto ukichelewa, nikasahau kwamba mwalimu wa hesabu yuko mbele. Akaja taratibu, akasimama kando yangu, akaliangalia lile dawati kutoka mguu hadi mguu.

"Limejifungua lini?" aliuliza.

Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na mimi nikala fimbo zangu. Lakini mchana ule, wakati mikono bado inawaka moto, nilipata namna ya kuchelewesha mkono wa kushoto ipasavyo. Nilijua nimepata kwa sababu mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa majani alisimama, akageuza shingo, akatafuta ni nyumba ya nani yenye mapacha.

Miaka ikaenda. Mnakumbuka jinsi vitu vilivyoanza kuingia kutoka Tunduma na ng'ambo ya Nakonde: vitenge vipya, sabuni za kunukia, betri, na zile redio kubwa za kaseti zenye spika mbili. Baba aliuza kahawa akarudi na moja, akaifunika kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Tulianza kucheza muziki wa watu tusiowajua, siku ambayo haikuwa na sababu yoyote. Nao ulikuwa mtamu, sitawadanganya. Wakati huo huo ngoma ya mapacha ilianza kupungua. Akina mama wengi waliokoka wakaambiwa nyimbo zile ni za shetani. Wengine walijifungulia hospitali wakarudi na watoto wao kwenye gari, wakaingia ndani, wakatoka kesho yake, basi.

Kanisani kwetu kulifika kinanda cha umeme, kikiendeshwa kwa betri ya gari. Nilikuwa msichana wa kwaya na nilijipendekeza kwa mwalimu wa kwaya hadi akaniruhusu kukishika. Kilikuwa na vitufe vya midundo iliyokwisha kutengenezwa: rumba, disko, machi, na mingine ambayo sikujua hata kuitamka. Nilivibonyeza vyote kimoja baada ya kingine nikitafuta wa kwetu. Haukuwepo. Nilikaa pale nikaona kama tumesahauliwa kwenye mwaliko. Kisha nikagundua kwamba vitufe vya mwisho upande wa kushoto vilikuwa vinatoa sauti za ngoma tupu, kimoja kimoja. Nikaweka kidole hapa, kidole pale. Akina mama waliokuwa wanafagia kanisa wakaacha kufagia. Mmoja wao, mama mtu mzima, akapiga kigelegele kabla hajakumbuka yuko wapi, akajiziba mdomo. Mzee wa kanisa aliingia mbio, na mimi sikukigusa tena kinanda kile hadi nilipoondoka Hasamba. Sikulia. Nilisema moyoni, vinanda viko vingi duniani.

Niliolewa, nikahamia Tunduma. Nilijaliwa watoto wawili, mmoja mmoja, kama vile Bi Namonje aliniona mapema. Mume wangu alifariki wangali wadogo, nami nikafungua kibanda karibu na mpaka, pale ambapo malori yanapanga foleni hadi dereva anamaliza kunyoa ndevu na zinaota tena. Nilianza kwa kurekodi kaseti, nikaja kuchoma CD, kisha nikawa nawawekea madereva nyimbo kwenye flashi. Nilijua anayeelekea Lusaka anataka nini na anayeelekea Dar es Salaam anataka nini.

Nyuma ya kibanda changu kijana mmoja wa Nakonde, Chanda, alipanga chumba akaweka kompyuta, kipaza sauti, na magodoro ukutani. Wasanii wadogo walipanga mlangoni kwake, suruali zimeshuka, miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Siku moja nilimwambia anifundishe.

"Bamayo," aliniita hivyo, yaani mama, kwa Kibemba, "unataka kuimba?"

"Sitaki kuimba. Nataka kutengeneza mapigo."

Alitaka kucheka, akaona sura yangu, akavuta kiti.

Nilipompigia mdundo wenyewe kwa vidole juu ya meza, aliacha kila alichokuwa akifanya. "Huu ni wa bampundu," alisema. Wa mapacha. Bibi yake upande wa pili wa mpaka alikuwa akiucheza. Mpaka ulikata barabara katikati, lakini ngoma ilikuwa moja.

Nilijifunza kidogo kidogo, mchana wateja wakipungua. Sikuwa na haki ya kugusa ngoma za mapacha, na sikuzigusa. Nilirekodi pipa la plastiki la maji, nikarekodi kinu cha jirani, nikarekodi jembe kuukuu likigongwa kwa jiwe. Nikavipanga kwenye kompyuta. Nilipobonyeza, vikatoka kama askari wanaotembea gwaride. Mashine ilikuwa imeinyoosha ngoma yangu, kila pigo mahali pake, na uhai umekwisha. Nilifuta, nikaanza upya. Nikaisogeza ndogo mbele kwa nukta, nikairudisha kubwa nyuma kwa nukta. Chanda aliniambia hivyo ilivyo inatosha, vijana wataipenda. Nikamwambia siwatengenezei vijana. Akauliza, "Sasa unamtengenezea nani?" Niliendelea tu, mwezi hadi mwezi, hadi siku nilipobonyeza nikausikia tumboni.

Jibu la swali lake lilikuja kwa simu. Neema, binti wa kaka yangu, alikuwa ameolewa Iyula, na alikuwa amejifungua mapacha, msichana na mvulana, Yusta na Yohana. Nilishangilia hadi wateja wakanishangaa. Lakini sauti ya Neema haikuwa ya furaha.

"Shangazi, Yohana ni mdogo. Haongezeki. Nesi anataka nimpeleke kliniki kila wiki wampime, na mama mkwe anasema sitoki hadi nitolewe kwa ngoma."

"Na ngoma iko wapi?"

"Ndiyo hivyo, Shangazi. Hakuna wa kuipiga."

Nilipanda gari siku hiyo hiyo. Mama mkwe wake, Mama Obedi, hakuwa mtu mbaya, msimdhanie hivyo. Alikuwa amezika pacha mmoja wake mwenyewe ujanani, na aliamini hadi mfupani kwamba ni kwa sababu alitoka kabla ya ngoma. Aliwaogopea wajukuu zake. Nilimvuta Neema pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tunaweza kuondoka naye sasa hivi, lawama nitazibeba mimi.

Alitikisa kichwa. Alikuwa na macho ya kutolala, mtoto mmoja kila upande. "Sitaki kutoroka na wanangu kama mwizi, Shangazi. Nataka kutolewa. Nitolewe kama bibi zangu walivyotolewa."

Basi tukaanza kutafuta. Akina mama wa mapacha walikuwepo, vijana wa rika la Neema, lakini hakuna aliyejua kupiga, wala Mama Obedi hakuwahi kujifunza. Wakubwa waliojua, wengine wamekufa, wengine wameokoka hawataki kusikia. Bi Namonje alikuwa hai kule Hasamba, lakini vidole vyake vimepinda kwa maradhi ya viungo hata kikombe anashikiwa. Kwa hiyo wenye haki hawakujua, na mimi niliyejua sikuwa na haki. Nililala usiku ule nikiwa na hasira na kila mtu, nikiwemo mimi mwenyewe kwa kuzaa mmoja mmoja.

Asubuhi nilimpigia Chanda. "Lete kompyuta na spika, njoo Iyula." Kisha nikaagiza teksi ikamchukue Bi Namonje.

Alishushwa taratibu, akakalishwa kwenye kiti uani, shuka mabegani. Ngoma mbili za zamani zilikuwa zimetolewa zikaegeshwa ukutani, hakuna wa kuzishika. Watu walikuwa wameanza kujaa. Nilimwamkia kwa kupiga magoti nikamweleza. Alisikiliza, kisha akanyoosha kidole chake kilichopinda kuelekea kompyuta.

"Nani anapiga humo?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Sauti umeitoa wapi? Uligusa ngoma zetu?"

"Sijagusa ngozi yoyote. Ni pipa na kinu."

Mama Obedi aliingilia, machozi yakimlenga. "Mama, mashine haijazaa mapacha! Wajukuu zangu watatolewa na pipa?"

Bi Namonje aliniambia niufungulie mdundo kidogo asikie. Niliufungulia. Aliinamisha kichwa. Midomo yake ikaanza kutembea na mapigo, nikaona kiganja chake kilichopinda kikigonga goti, kikijaribu kukimbia. Nilipozima, aliinua kichwa.

"Hii mashine ina tumbo?"

"Haina, Bibi."

"Itaweza kuzaa hata mmoja?"

"Hapana."

"Basi mwiko hauihusu. Mwiko ni wetu wenye matumbo." Watu waliguna, wengine wakaanza kucheka, naye akainua mkono. "Ila wewe, Skola, usiibonyeze. Wewe una tumbo na hujazaa wawili. Atabonyeza mwenye watoto."

Hivyo ndivyo Neema, akiwa bado ndani ya kizingiti, alivyopelekewa kompyuta kwenye kiti, akabonyeza kwa kidole kimoja huku Yohana akinyonya. Ngoma ikalipuka uani. Nawaambia, kuku waliruka. Bi Namonje alianza wimbo kwa ile sauti yake ya kukwaruza, matusi yale yale, na kwa kuwa vijana hawakuwahi kumsikia mtu mzima akiyatamka, walibaki midomo wazi. Obedi, baba wa mapacha, alikuwa amesimama na simu mkononi akijifanya anapiga picha. Akina mama walimzunguka wakamwimbia hadi akaificha simu mfukoni na sura kwenye kofia. Mama Obedi alisimama kama mti kwa muda. Kisha bega lake moja likaondoka lenyewe, la pili likafuata, akaenda kumshika mkwe wake mkono, akamvusha kizingiti, watoto mbele, unga mweupe kwenye vipaji vya nyuso zao ndogo.

Bi Namonje hakuishia hapo. Neema alipokuwa nje, alimwita, akaweka kiganja cha msichana yule juu ya ngozi ya ngoma kubwa. "Ifuate hiyo mashine," alimwambia. "Usikimbie. Chelewa. Chelewa tena kidogo." Neema alipiga vibaya, akapiga vibaya tena, kisha akapata. Mimi nilikuwa nacheza na wachezaji wengine, machozi na jasho havitofautiani, na sijui siku nyingine niliyowahi kucheza vile.

Kesho yake Yohana alipelekwa kliniki. Alichukua muda, lakini aliongezeka. Leo anamkimbiza dada yake uani akimdai mpira.

Vijana waliokuwepo walikuwa wamerekodi kwa simu zao. Kabla sijamaliza kupumzika, niliusikia mdundo wa mapacha ukitoka kwenye bodaboda iliyopita mbele ya kibanda changu Tunduma, mtu amechana mistari juu yake kuhusu msichana asiyepokea simu. Baadaye ukapigwa kwenye baa, kwenye harusi, kwenye malori. Mchora mabango mmoja alichora ngoma mbili zenye miwani ya jua kwenye ukuta wa Chanda, na wateja wakaongezeka. Nilipomsikilizisha Bi Namonje, alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza, "Wanacheza vizuri. Lakini mapacha wenyewe wako wapi?"

Swali lile halikuniacha. Sikuwakataza vijana, ukikataza siku hizi ndiyo umetangaza. Nilichofanya ni kwenda Iyula kila nilipopata nafasi, nikiwa na kompyuta begani. Neema aliwakusanya akina mama wenzake wa mapacha, walokole na wasio walokole, na mmoja wa familia ya wafugaji waliopanda kutoka bonde la Momba. Mwanzoni walipiga wakiifuata mashine. Nikaanza kuizima katikati ya wimbo, ghafla, niwaone wanafanyaje. Siku za kwanza walisimama kama gari lililoishiwa mafuta. Wakazoea. Bi Namonje alifariki ameshasikia wakipiga bila mashine kutoka mwanzo hadi mwisho, na akasema ngoma ndogo inakimbia mno, jambo ambalo kwake lilikuwa pongezi.

Majuzi kulikuwa na kijana kwenye foleni ya malori, utingo, waya masikioni, kichwa kinatikisika. Nilimsogelea nikamuuliza anasikiliza nini. Akanipa upande mmoja wa waya. Ulikuwa mdundo wetu.

"Unajua ni wa nini huu?"

"Wa kuchangamka tu, Mama."

"Ni wa kumtoa mama wa mapacha nje. Siku ukijaliwa wawili, uje Iyula tuwatoe."

Alicheka, "Wawili, Mama? Na maisha haya?" Lakini nilimwona akiliandika jina la Iyula kwenye simu yake.

Enzi zetu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuelezea. Ngoma ililia upande fulani wa kijiji, mama akaacha sufuria mekoni, sisi tukaacha rede, na wote tulijua tunakwenda wapi na nani amezaliwa. Natamani wanangu wangeijua asubuhi moja tu ya namna ile, na umande wake. Sasa ngoma inalia kila mahali, mchana kutwa, na haimwiti mtu yeyote. Ndiyo maana naita mimi.